Kipanya Kisicho na Mkia

Siku ya gulio, Omurushaka hapapitiki. Ukitaka kuvuka kutoka kwenye ndizi kwenda kwenye mitumba, kubali kwanza kukanyagwa, kusukumwa na kuitwa mpenzi na watu ambao hujawahi kuwaona. Mwaka ule wa tisini na saba palizidi. Wakimbizi walikuwa wamerudi kwao, mashirika yaliyowahudumia yalikuwa yanafunga virago, na kila kilichobaki makambini kilimwagwa sokoni: maturubai, ndoo, vitanda vya chuma, viti vya ofisi vyenye magurudumu, pamoja na vitu ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Watu walinunua hivyohivyo. Sisi ukitutajia bei ndogo, maswali mengine tunauliza tukifika nyumbani.

Laurensia aliingia katikati ya msongamano huo akiwa na gauni la maua ya njano, sweta ya kijani ya shule aliyoibandua nembo, na kiatu kimoja mkononi. Kamba ya kiatu ilikuwa imekatikia kwenye matope. Alikuwa akichechemea kando ya turubai moja kubwa la buluu aliposikia sauti ya mwanaume.

"Dada, hicho kiatu unakiuza au unakitembeza?"

Aligeuka akiwa tayari na jibu baya, akamkuta kijana mrefu aliyechuchumaa juu ya turubai, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, kofia ya shirika fulani imegeuzwa nyuma. Hakuwa anacheka. Alikuwa amenyoosha mkono akikisubiri kiatu.

"Lete nikifunge. Ukiwa na kiatu kimoja hutanunua kitu, utafikiria mguu tu."

"Na wewe ni fundi viatu?"

"Mimi ni Yustus wa Ihembe. Leo kwa ajili yako ni fundi viatu."

Alichomoa kipande cha waya wa kijivu kutoka kwenye fungu kubwa la nyaya lililokuwa nyuma yake, akakipitisha kwenye matundu ya kiatu, akakifunga, akakata ncha kwa meno. Laurensia alivaa, akakanyaga, kikashika vizuri kuliko kilivyowahi kushika.

"Haya, sasa sema unatafuta nini," Yustus alisema.

"Kipanya cha kompyuta. Cha bei nafuu, cha kutumia kila siku."

Tueleze kidogo, kwa sababu siku hizo waliokijua walikuwa wachache. Kipanya ni kile kidude cha kukaa kiganjani, cha kusukumia mshale kwenye kioo cha kompyuta. Chama cha wakulima wa kahawa pale Kayanga, ambako Laurensia alikuwa mchapaji wa majaribio, kilikuwa kimerithi kompyuta ya shirika. Katibu wa chama, Bwana Melkiory, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuwaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha kabati la vyombo. Kisha panya halisi, wa ghala la kahawa, wakatafuna waya wa kipanya mpaka ndani. Melkiory alimwita Laurensia akamweleza bila kuzunguka: wanunuzi kutoka nje wangekuja kabla ya Krismasi, na walitaka orodha za wakulima zilizochapwa kwa mashine. Wakiikuta mashine inafanya kazi, yeye angeandikiwa ajira ya kudumu. Wakikuta imelala, basi Adventina, mtoto wa dada yake Melkiory, alikuwa Bukoba anasubiri kuitwa.

Kwa msichana mwingine hiyo ingekuwa habari ya mshahara tu. Baba yake Laurensia, mzee Karekezi, alikuja Songambele kutoka Rwanda akiwa kijana, akaoa, akapanda migomba, akazaa. Sasa jamaa zake walikuwa wanarudi mmojammoja, na yeye alishaamua kwamba wakati wake umefika. Alimwambia binti yake maneno machache, kama kawaida yake. Mwenye kazi ya kudumu atabaki na kazi yake, lakini binti asiye na kazi wala mume haachwi nyuma peke yake. Laurensia alizaliwa Songambele. Rwanda aliijua kwa masimulizi tu, na kwa jinsi mama yake alivyonyamaza masimulizi yalipofika mahali fulani. Hakutaka kwenda. Kidude cha kukaa kiganjani ndicho kilichokuwa kinamzuia.

Yustus aliviweka vipanya viwili juu ya ubao wa sanduku. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha rangi iliyogeuka njano kama meno ya mvuta kiko, chenye mkia mrefu wa waya. Kingine kilikuwa cheusi, chembamba kiunoni, hakina waya kabisa, tumboni kina kifuniko cha betri.

"Shika kwanza," alisema. "Kitu cha kila siku kisipokaa mkononi, utakichukia kabla hakijaharibika."

Laurensia alikishika cha njano. Kilijaza kiganja chote, kikaburuta. Akakishika cheusi, kikatulia chini ya vidole vyake bila ubishi.

"Hiki cha mkia kinafanya kazi?"

"Kinafanya. Nilikichomoa mwenyewe kwenye mashine iliyokuwa inawaka."

"Na hiki?"

"Hicho ndicho cha kisasa. Kinaongea na mashine kwa hewa, kama redio."

"Umewahi kukiona kikiongea?"

"Na wewe umewahi kuona sauti ikiingia kwenye redio? Lakini taarifa ya habari unaisikia."

Laurensia alicheka, na baadaye sana alikumbuka kwamba alicheka. Aliwafikiria wale panya wa ghalani. Kitu kisicho na waya wasingekuwa na pa kukitafunia. Tena bei ilikuwa ileile. Akachagua cheusi. Angechagua cha njano tusingekuwa na cha kusimulia, naye pengine angekuwa Kayanga mpaka leo, na watoto wanaogombana sebuleni.

"Kikigoma?" aliuliza akikitia kwenye mkoba.

"Mimi niko hapa kila gulio. Kikigoma nirudishie. Kisipogoma, njoo pia."

*

Kikagoma. Laurensia alikiweka juu ya meza, akawaomba watu wa jenereta wawashe, akakisukuma kulia na kushoto. Mshale ulisimama katikati ya kioo bila kutikisika. Bwana Melkiory alitazama kwa muda, kisha akakirudisha kitambaa cha kufuma juu ya mashine kwa heshima zote.

Gulio lililofuata alirudi Omurushaka amekasirika, na hasira ilimfikisha mpaka kwenye turubai la buluu, ikamwachia hapohapo. Yustus alikuwa amevaa shati la buluu lililopigwa pasi. Alikuwa ametandika gunia safi mahali pa kukaa mtu mmoja.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Ulijua kitagoma?"

"Nilijua utakuja, nimesema."

Alimpa kwanza kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, kutoka kwenye kikapu kidogo cha mama yake. Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla hajapokea hizo, na akizipokea ameshakuwa wa nyumbani. Laurensia alipokea kwa mikono miwili. Walitafuna wakiwa wameinamia kile kipanya, vichwa vinakaribia kugusana, wakafungua kifuniko cha tumboni. Ndani mlikuwa na betri mbili nyembamba zilizoota kutu.

"Ndiyo hizi," Yustus alisema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Zimekufa. Hapa hakuna saizi hii, ila Bukoba zipo. Jumatatu naenda."

"Utaenda Bukoba kwa ajili ya betri?"

"Naenda kwa ajili ya mwenye betri."

Laurensia aliangalia pembeni, kwenye fungu la nyaya za kijivu. Lilikuwa limepungua.

Jumatano simu ya chama ililia. Bwana Melkiory aliipokea kama anavyopokea simu zote, amesimama wima.

"Chama cha wakulima Kayanga. Katibu anazungumza."

"Shikamoo katibu. Naomba mtaalamu wa kompyuta."

"Nani anamhitaji?"

"Kampuni ya betri, Bukoba."

Melkiory alimpa Laurensia simu, akarudi mezani na kujifanya anasoma gazeti.

"Haloo, kampuni," Laurensia alisema.

"Kampuni imekukumbuka."

"Kampuni nzima?"

"Kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa getini. Laurensia, nimezipata. Nyembamba kama kidole chako cha mwisho."

"Kidole changu umekipimia wapi?"

"Ulikuwa unatafuna kahawa, nikapata nafasi. Sikiliza, kuna duka hapa la watu wanaojua kompyuta. Nitaingia niwaulize kabla sijapanda basi, nije na uhakika. Gulio utakuja?"

"Kama mvua itaniruhusu."

"Ikikataa nitaongea nayo."

"Yusti, katibu ananiangalia."

"Mwambie bei ya betri imepanda. Mpenzi, kwa heri."

Aliweka simu chini. Lile neno la mwisho lilibaki sikioni mwake mchana kutwa, na ankara zote alizochapa siku hiyo kwa taipu ya zamani zilikuwa na makosa.

*

Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Zilianza, zikasahau kuacha. Barabara ya Nkwenda ikawa uji, nguzo za simu zikalala, na senene wakashuka kwa wingi mpaka watoto wakachoka kuwakamata. Laurensia alifika gulioni nguo zimemganda mwilini. Yustus alimvuta chini ya turubai alilolisimamisha kwa miti, akamfunika kwa koti lake, akamwekea sahani ya senene wa kukaanga.

Alikuwa kabadilika kidogo. Alimpa betri, lakini hakumtazama machoni alipompa.

"Watu wa duka walisemaje?" Laurensia aliuliza.

"Walisema jaribu."

"Ni hivyo tu?"

"Kuna vingine vinachukua muda kuzoea mashine mpya. Jaribu, kisha gulio lijalo uniambie."

"Yusti, sina magulio mengi. Nibadilishie. Nipe kile cha njano."

Yustus aliokota senene mmoja akamrudisha kwenye sahani.

"Nimeshakiuza," alisema. "Kimekwenda Kaisho."

Laurensia alimwamini. Mvua ilikuwa inapiga turubai kiasi kwamba ilibidi wasogeleane ili wasikilizane, na hapo walipokuwa hapakuwa na mahali pengine pa kusogea. Yustus alimweleza habari za kiwanja chake Ihembe, msingi alioumwaga, mabati aliyokuwa anayakusanya kutoka kambini. Alisema nyumba ya bati ikisimama atatuma mtu kwa wazee wake. Hakumaliza sentensi. Laurensia naye alikuwa na yake mdomoni, kwamba kazi ikipotea anaondoka na wazazi, na hakuisema kabisa. Binti akimwambia mwanaume maneno hayo atakuwa ameomba kuolewa, na mama yake, Nyirabageni, hakulea binti wa kuomba. Basi walikaa pale wamebanana, kila mmoja amemficha mwenzake jambo, na walikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniudhi ninapoikumbuka habari yao. Walikuwa na furaha kabisa.

Betri mpya hazikusaidia kitu.

*

Jumamosi moja alipanda gari la kwenda Songambele kuwaona wazazi. Lilikwama Kaisho, abiria wakaambiwa wangoje. Laurensia akakumbuka kwamba cha njano kilikwenda Kaisho. Aliuliza nani pale ana kompyuta, watu wakamshangaa. Wakamwelekeza kwa Celestin, fundi redio, kwamba kama kuna kitu cha umeme Kaisho basi kimepita mikononi mwake.

Kibanda cha Celestin kilikuwa kimezungukwa na waya wa antena kutoka paa hadi mti wa mparachichi. Waya ulikuwa wa kijivu. Laurensia alitazama kiatu chake, akatazama tena mparachichi.

"Waya huu umeutoa wapi, kaka?"

"Kwa Yustus wa Ihembe. Ni mzuri, haushiki kutu." Celestin hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa anaichokonoa. "Ila siku hizi ananisumbua. Alikuja hapa aliporudi kutoka Bukoba, anauliza kama nina kijisanduku kilichokuwa mwisho wa waya. Nitakitoa wapi? Aliniletea waya umeshakatwa, visanduku alivitupa yeye mwenyewe kambini."

"Kijisanduku cha nini?"

"Kuna kipanya cheusi kisicho na mkia. Kina mwenzake, kijisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta ndicho kinachosikia. Bukoba walimwambia kwamba bila hicho, kipanya ni kopo tu. Anasema alimuuzia dada mmoja kipanya hicho, sasa anaona haya kumwambia."

Laurensia alishukuru, akarudi kwenye gari. Wenzake walikuwa wanasukuma, naye akasukuma, matope yakimrukia kifuani.

Nyumbani Songambele alikuta ukuta mweupe mahali palipokuwa na kabati. Ng'ombe walikuwa wamekwenda kwa jirani. Mama yake, miguu imemvimba, alikuwa ameketi juu ya fungu la magodoro akifunga vyungu kwa majani ya migomba.

"Kazi yako inasemaje?" Karekezi alimuuliza.

"Bado, baba."

"Lori nimelipata. Sitakusukuma. Ila ukiwa huna neno la uhakika, panda na mama yako. Peke yangu sitaweza kumshusha na kumpandisha."

"Nimesikia, baba," Laurensia alijibu, akakaa chini amsaidie mama yake kufunga vyungu.

*

Wageni waliwahi. Walifika Kayanga Jumatatu, viatu vimejaa matope, wakapewa soda, wakaomba kuona orodha. Melkiory aliondoa kitambaa cha kufuma. Laurensia alikalia kiti, akaweka kiganja juu ya kile cheusi, akakisukuma huku akijua. Mshale haukutikisika. Alijaribu kwa vitufe, akapotea, kioo kikamwandikia maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wageni walikuwa watu wa adabu. Walisema si kitu, wakatazama saa zao.

Adventina alifika keshokutwa yake na sanduku jipya.

Alasiri hiyohiyo Yustus aliingia uani kwa chama, amelowa, shati limemnata mgongoni, amekumbatia mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kipanya cha njano na mkia wake wote. Adventina alikichomeka. Mshale ukatembea, ukazunguka kioo chote, ukafungua orodha, na Bwana Melkiory akapiga makofi peke yake.

Laurensia alikuwa nje, chini ya paa la ghala, vitu vyake vikiwa ndani ya kapu. Yustus alimfuata.

"Kinafanya kazi," alisema.

"Nimesikia makofi. Ulisema umekiuza."

"Kilikuwa Ihembe. Juu ya kabati la mama."

"Na Bukoba walikwambia ukweli kuhusu hiki cheusi."

"Walinicheka sana. Nilikuwa nimekata zile nyaya mwenyewe, Laurensia. Sikujua. Nilidhani ni waya kama waya mwingine."

"Hapo sina ugomvi na wewe. Hata mimi ningekata. Nakuuliza baada ya kujua."

Yustus alifuta maji usoni, na labda hayakuwa ya mvua yote.

"Baada ya kujua nilihesabu hivi. Unakuja kila gulio kwa sababu hiki kitu hakifanyi kazi. Nikikupa kinachofanya kazi, utakuja kufanya nini?"

"Kukuona wewe," Laurensia alisema. Aliyasema kwa hasira, lakini ndiyo yaliyokuwa ya kweli, na aliyarudia. "Ningekuja kukuona wewe, Yusti. Ulidhani natembea kwenye mvua ile kwa ajili ya kipanya?"

Ndipo Laurensia akamweleza yote: ajira, wageni, Adventina, neno la baba yake, lori. Yustus alisikiliza akiwa amefungua mdomo kidogo, kama mtu anayesomewa hukumu katika lugha asiyoijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nioe nisiondoke?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Na wewe ungesema cha njano kiko juu ya kabati. Hivyohivyo."

Yustus aliingia ofisini mbio. Laurensia alimsikia kupitia dirishani akimwomba katibu, akisema kosa ni lake, binti hana hatia, yeye ndiye aliyemuuzia kitu kibovu. Melkiory alimwacha amalize.

"Kijana, mimi sikuuliza kosa ni la nani. Wageni walikuja, mashine ikagoma. Mtu mwingine yuko kwenye kiti. Unataka nimfukuze mtoto wa dada yangu kwa sababu wewe ulikata waya?"

Yustus alitoka taratibu. "Nitaleta mshenga," alimwambia Laurensia. "Nina mjomba, Rwegoshora, anajua kusema. Nipe wiki mbili."

"Gari ni siku ya gulio, Yusti. Hili linalokuja. Na mvua hii huko Songambele hamfiki."

Akabeba kapu lake. Yustus alishika upande mmoja wa mpini, wakatembea hivyo mpaka stendi, kapu limening'inia katikati yao.

*

Kutoka Songambele kwenda Benako, kwenye njia ya Rwanda, lazima upite Omurushaka. Lori la Karekezi lilifika pale jua limeshapanda, likazama katikati ya watu kama kila gari linalojaribu kupita siku ya gulio. Laurensia alikuwa juu ya magodoro, kichwa cha mama yake kimelala mapajani mwake. Alilivaa lile gauni la maua ya njano kwa makusudi, na alijikaripia njia nzima kwa kulivaa.

Turubai la buluu halikuwapo. Kando ya barabara, kwenye tope, walisimama watu wawili. Yustus alivaa koti la suti lililombana mabega. Pembeni yake mzee Rwegoshora, kanzu nyeupe imepandishwa hadi magotini, alikuwa na fimbo mkono mmoja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkono wa pili. Lori liliposimama mzee alisogea kwenye dirisha la mbele, alipokaa Karekezi kando ya dereva, akakohoa.

"Shikamoo mzee," Yustus alisema kwa nyuma.

"Marahaba."

"Tumepita njia hii," Rwegoshora alianza kwa sauti ya ushenga, sauti ndefu ya mtu aliyekaribishwa kitini, "tukasikia kwamba katika nyumba hii kuna..."

"Nyumba gani, mzee mwenzangu?" Karekezi alimkatiza. Hakusema kwa dharau. Alishuka kwenye gari, akasimama mbele yake kwenye matope kama adabu inavyotaka. "Mshenga hupokelewa ndani. Anapewa kiti, anapewa cha kunywa, watoto wanatolewa nje. Mimi nyumba nimeikabidhi kwa mwenyewe. Kule ninakokwenda sijaona hata ukuta. Nikupokelee wapi?"

Rwegoshora alitazama kibuyu chake. Magari ya nyuma yalianza kupiga honi.

"Basi tutakufuata huko, mzee," Yustus alisema. "Utakapokaa tutakuja. Tutaulizia wapi?"

Karekezi alifikiri kweli. Ilionekana anatafuta jibu zuri la kumpa kijana wa watu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nilitoka pale nikiwa mdogo kuliko wewe. Sijui kama kuna mtu pale anayejua jina langu."

Aliinama, akakigusa kibuyu kwa vidole kuonyesha kwamba amekiona na hakukidharau, kisha akapanda gari.

Mnaosoma mtataka Laurensia ashuke. Hata yeye alitaka. Miguu yake ilikwishajikunja tayari, na angeruka angetua mikononi mwa Yustus mbele ya Omurushaka yote. Mama yake alikuwa ameshika pindo la gauni. Hakulivuta, wala hakufumbua macho. Aliishika tu ile nguo kama anavyoshika mtu asiyejiweza. Nani angemshusha Benako? Nani angempandisha?

Yustus alikuja ubavuni mwa lori akainua uso.

"Laurensia wangu. Shuka."

"Siwezi, Yusti. Nakupenda na siwezi."

"Nitakutafuta."

"Usiniahidi. Tumeshadanganyana vya kutosha."

Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kile kipanya cheusi, akakinyoosha chini mpaka vidole vyao vikagusana. Yustus alikipokea kwa mikono miwili, kama yeye alivyopokea kahawa.

"Kiuze," Laurensia alisema.

"Nimuuzie nani? Hakifanyi kazi."

"Ndivyo utakavyomwambia mnunuzi. Mwambie mapema, kabla mkono wake haujakizoea."

Watu waliachia njia, lori likanguruma. Rwegoshora alimshika mpwa wake bega asikanyagwe. Laurensia aliwatazama mpaka koti lile la suti likachanganyika na makoti mengine ya mitumba, kisha akaendelea kutazama palepale.

Benako waliteremka kumpumzisha mama, Rusumo wakateremka tena, na kila mahali palikuwa ni tope la kufika kwenye vifundo. Mpaka wanafika kwenye daraja la mpakani, wengi wa waliokuwa wanarudi pamoja nao walikuwa wanatembea peku, viatu mkononi, kamba zimekatika. Cha kwake kilikuwa bado kimeshika kwa ule waya wa kijivu.